Siku Nyundo ya Baraka Ilipopiga Kweli

Jino langu la mbele, la juu, upande wa kulia, limezikwa mjini Baraka chini ya jukwaa la hangari ya pamba. Hakuna padri aliyelisomea misa. Lilikuwa jino jema, liliishi nami miaka kumi na miwili bila kumuudhi mtu, nalo lilikufa Jumapili saa kumi na nusu alasiri kwa ajili ya mapenzi. Ninaomba msomaji anyamaze kidogo kwa heshima yake.

Asante. Sasa naweza kueleza.

Mwenye kosa la kwanza ni Kanada. Bwana Eugène, mwalimu wetu wa fizikia, Mkanada mwenye upara unaong'aa kama sufuria ya harusi, alifika shuleni kwetu na redio-kaseti na kanda za bendi moja ya kwao iliyoitwa Marteau de Glace, yaani Nyundo ya Barafu. Sisi barafu tulikuwa tumeiona ndani ya friji ya mapadri tu, na hatukuelewa mtu anaigeuzaje nyundo. Lakini muziki tuliuelewa siku ile ile. Ulikuwa kama mabati ya bweni zima yanang'olewa na upepo huku mtu mmoja ndani anamwita mama yake.

Kila Jumamosi Bwana Eugène alitusimulia maisha ya bendi hiyo jinsi katekista anavyosimulia Matendo ya Mitume. Vijana wanne walianza ndani ya gereji, katika mji wa migodi wenye theluji nusu ya mwaka. Mara ya kwanza walipiga katika ukumbi ambamo watu wanachezea fimbo juu ya barafu, wakarushiwa chupa. Miaka miwili walilala ndani ya gari bovu wakizunguka nchi iliyo kubwa kuliko Zaire. Santuri yao ya kwanza ilinunuliwa na shangazi zao. Ya tatu ilinunuliwa na nchi nzima. Kisha, mbele ya watu elfu tisa, katikati ya wimbo wa mwisho, mpiga ngoma na mpiga gitaa walipigana jukwaani. Picha ilikuwa kwenye jalada la kanda: nywele ndefu, damu, gitaa vipandevipande.

"Na nyuma ya pale, ikakuwa nini?" tulimuuliza.

"Watu walipiga makofi," alisema Bwana Eugène, akaizima redio.

Tulielewa kama wanafunzi hodari wanavyoelewa, yaani vibaya. Tuliona hiyo ndiyo kanuni: muziki wa roki unamalizika kwa vita, kama misa inavyomalizika kwa baraka. Basi tulipoanzisha bendi yetu, Nyundo ya Baraka, tulifuata maandiko. Gitaa langu lilichongwa na seremala, likatiwa nyuzi za waya wa breki. Ngoma za rafiki yangu Gisaro zilikuwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi za ng'ombe wa baba yake, na matoazi yake yalikuwa vifuniko vya magurudumu ya Land Rover. Na kila wimbo wa mwisho, mimi na Gisaro tulipigana. Makofi matatu ya uongo, teke moja, anguko moja. Kisha Gisaro alivunja gitaa bandia la mbao za kasha. Watu walitoka kijiji cha Lweba kwa miguu kuja kuona. Kipande hicho walikiita Kanada.

Mwenye kosa la pili ni mimi. Nilimpenda Émilienne, dada yake Gisaro.

*

Karatasi za shule ziliniita Wilondja. Mama yangu aliniita Casimir. Émilienne aliniita "we", na sijawahi kuwa na jina zuri kuliko hilo.

Jumapili ile alinikuta nyuma ya hangari, saa nane na nusu, nikikaza nyuzi. Alikuwa na kitambaa cha kijani kichwani, na shingo yake ilikuwa imenyooka kama mtu anayebeba kibuyu kisichoonekana. Watoto wa baba yao, Mzee Sebatware, wote walitembea hivyo. Mzee alikuwa ameshuka kutoka milimani na sehemu ya ng'ombe zake ili watoto wasome, lakini shingo za milimani hazikukubali kushuka.

"We," alisema.

"Mi."

"Usianze."

"Bado sijasema kitu."

"Meno yako imeshasema." Alitazama nyuma yake, akasogea. "Kayumba amefika. Anakaa pale mbele, karibu na baba. Iko na kofia mupya."

"Kofia ni nzuri?"

"Casimir!"

Aliponiita kwa jina langu nilijua mambo ni mazito. Niliweka gitaa chini.

"Kesho asubuhi banapanda mulima," alisema, "na mi nyuma yao. Ng'ombe munane ya mahari. Baba hajasema ndiyo. Lakini hajasema hapana, na baba yangu akinyamaza siku tatu, hiyo ni ndiyo. Leo ni siku ya tatu."

"Basi mi nifanye nini?"

"Useme. Wimbo wa mwisho ukiisha, ushuke, usimame mbele ya baba, batu bote basikie: Muzee, napenda binti yako, nitatuma bazee bangu. Ni ile tu. We unasemaka maneno elfu kwa siku juu ya upuuzi, yangu haifiki kumi na mbili."

"Atanipiga."

"Atakupiga. Na kisha?"

Nilimtazama, akanitazama, na katika macho yake hakukuwa na mchezo hata kidogo. Mimi niliyemfungia mkuu wa bweni mbuzi ndani ya kabati, niliyemwambia askofu kwamba naota malaika wanaongea Kilatini, nilirudi nyuma hatua moja mbele ya msichana wa kilo hamsini.

"Na Gaju?" niliuliza, ili tusiendelee kutazamana.

Gaju alikuwa ng'ombe bora wa Mzee Sebatware. Kwa watu wake, mtu aliyekula samaki hagusi chungu cha maziwa, maana ng'ombe atakauka. Na Ijumaa, nyumbani kwetu, Émilienne alikuwa amekula mukeke mzima, samaki wa ziwa letu, aliyekaangwa na mama yangu. Alianza akiwa amefumba macho kama anayekunywa dawa, akamaliza akinyonya kichwa.

"Tangu Ijumaa anapunguza maziwa," alisema. "Baba ameuliza nyumba yote nani alikula kintu ya ziwa."

"Ukasema nini?"

"Nilinyamaza." Aliangalia pembeni. "Kuko neno ingine najua juu ya Gaju. Lakini haiko yangu ya kusema."

Kisha alifanya jambo ambalo hata leo likinijia naacha kula. Alinyoosha kidole akakigonga kwenye jino langu la mbele, polepole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Ukicheka mbele ya baba," alisema, "nitang'oa hii."

*

Tulipiga vizuri siku ile. Jenereta ya misheni ilinguruma nje, hangari ilijaa mpaka madirishani, na Gisaro alipiga mapipa yake kwa shangwe kiasi kwamba kuku wa jirani walihama. Kila nilipoinua macho niliona safu ya mbele: Mzee Sebatware, mrefu, fimbo ya kuchungia katikati ya magoti. Kando yake Kayumba, mtu mzima mwenye adabu na kofia. Kando ya Kayumba, Émilienne, ambaye hakunitazama hata mara moja. Mtu asiyekutazama kwa nguvu namna ile anakutazama kuliko wote.

Kabla ya wimbo wa mwisho ilibidi jenereta ipumzike ipoe. Watu walitoka kunywa maji. Hapo mama yangu, Mama Dorothée, mwanamke mwema asiyejua kunong'ona, alipasua umati akiwa na kitu kimefungwa katika jani la mgomba.

"Mukwe wangu!" alimwita Émilienne. "Mukwe wangu, simama kidogo! Ijumaa ulikula kichwa ukaacha mukia, nikasema, huyu mutoto iko na haya. Nimekuletea ingine. Kula, ingali na joto!"

Akalifungua jani. Mukeke alilala pale, wa dhahabu, mwenye pilipili, akitutazama sote kwa jicho moja.

Mzee Sebatware alikuwa nje na Kayumba. Lakini Gisaro alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, kikombe cha maji mkononi. Aliangalia samaki. Aliangalia dada yake. Halafu aliniangalia mimi, na nikaona miaka minne ya kulala vitanda vilivyo jirani, kuibiana sabuni na kunakiliana hesabu inaanguka usoni mwake kama ukuta wa udongo.

"Gisaro," nilisema, "ngoja nikuambie..."

"Tupige wimbo ya mwisho," alisema. Aliweka kikombe chini taratibu mno.

*

Kofi la kwanza, kwa kanuni, hupita hewani na mimi hupiga paja langu kutoa mlio. Kofi la kwanza la siku ile halikupita hewani. Lilinifikia sikioni, nikasikia kengele za parokia zote kutoka Uvira mpaka Kalemie.

"Hiyo ya kwanza, shemeji," Gisaro alisema karibu na uso wangu.

Hangari ililipuka. "Kanada! Kanada!"

"Gisaro, sikiliza..."

La pili lilinigeuza. La tatu lilinigeuza tena, nikawa naangalia nilikotoka. Teke, ambalo kwa kanuni huishia kwenye suruali, lilinikuta tumboni, na hewa yote niliyokuwa nimeitunza tangu kuzaliwa ikatoka. Nilianguka juu ya mapipa. Watu walisimama kwenye viti.

"Leo banapiga muzuri!" mwanamke mmoja alisema kwa furaha kabisa. "Angalia damu! Iko nyanya, ama?"

Haikuwa nyanya. Nilijaribu kusimama, Gisaro akanishika kola.

"Mi nilikuita ndugu," alisema, akanipiga. "Nilikupa kitanda ya dirishani." Akanipiga. "Baba yangu alikupa ngozi za ng'ombe yake upate muziki. Na we unamulisha dada yangu samaki! Unamuharibu mbele ya bwana yake!"

"Kayumba haiko bwana yake!"

Hapo nami nilipiga. Sitasema uongo kwamba nilikuwa kondoo. Nilimpiga puani, damu yake ikaruka juu ya kifuniko cha Land Rover, naye akaupinda mkono wangu wa kushoto, ule unaoshika nyuzi, mpaka kidole cha mwisho kikalia kama kijiti cha jikoni. Nililia pia. Umati uliitikia kwa wimbo.

Nikakimbilia maikrofoni. "Batu ya Baraka!" nilipiga kelele. "Hii haiko mchezo! Ananiua kweli!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee mmoja wa Lweba alifuta machozi. Huo, msomaji, ndio mshahara wa mtu aliyecheza na kila kitu: siku moja anasema kweli na watu wanaomba airudie.

Na macho yangu yakamkuta Émilienne. Alikuwa amesimama, mikono imefunika mdomo. Yeye peke yake hakucheka. Nikakumbuka kwamba nilikuwa na maneno ya kusema, na kwamba kwa hali niliyokuwa nayo huenda mdomo usinisubiri.

"Muzee Sebatware!" nilisema katika maikrofoni, damu ikidondoka juu yake. "Napenda binti yako Émilienne. Nitatuma bazee bangu."

Hangari nzima iliangua kicheko. Walipiga makofi, walipiga miluzi, walirusha kofia. Katika watu wote wale ni watatu tu waliobaki kama mawe: Émilienne, baba yake, na Kayumba, ambaye aliivua kofia yake mpya polepole.

Ngumi iliyofuata ndiyo iliyomaliza maisha ya jino langu. Sikuiona ikija. Nilikuwa chini, ulimi wangu ukitafuta ukuta uliouzoea na kukuta mlango wazi. Nilipoinua uso, Gisaro alikuwa amesimama juu yangu. Mkononi hakuwa na gitaa bandia. Alikuwa na kile chuma cha springi ya lori tulichokining'iniza kama kengele. Alikuwa amekiinua kwa mikono miwili, na alikuwa analia.

"Kanada!" watu waliimba. "Kanada! Kanada!"

Kitu cheupe kilipita. Kilikuwa shati la Bwana Eugène. Mwalimu wetu wa fizikia, ambaye hatukuwahi kumuona akikimbia, aliruka jukwaani akakidaka chuma hewani kwa mikono yake yote, kikampeleka magotini.

"Arrête!" alilia. "Gisaro, acha! Nyamazeni! Nyamazeni wote!"

Mtu nje alizima jenereta.

"Ile picha," Bwana Eugène alisema. Alikuwa anahema. "Kwenye kanda. Yule mupiga ngoma mwenye nywele mingi. Ni mimi."

Tuliutazama upara wake. Hata Gisaro, mwenye kilio chake, aliutazama.

"Ni mimi. Na mupiga gitaa ni Norbert, rafiki yangu tangu gereji ya baba yangu. Dada yangu alimupenda. Mi nilisikia hiyo kwa mutu mwingine, siku ile ile, kabla ya wimbo wa mwisho. Sikumuuliza Norbert swali hata moja. Sikumuuliza dada yangu. Nilichukua chuma ya kushikia toazi." Alikitazama chuma kile. "Batu elfu tisa banapiga makofi. Mi nilifikiri makofi ni kusema niko na haki. Norbert hasikii tena sikio la kushoto. Bendi ilikufa pale. Miaka sita sijaona uso yake. Mulidhani nawafundisha muziki. Nilikuwa nawaambia dhambi yangu, na nilikosa nguvu ya kumaliza hadithi."

Gisaro aliachia chuma. Kilianguka juu ya mbao na mlio wake ulichukua muda mrefu kuisha.

*

Mzee Sebatware alipanda jukwaani bila haraka. Kila ubao ulisema alipokanyaga. Alifika, akanitazama kutoka kule juu alikokuwa.

"Ile maneno ulisema kwa ile chuma," aliuliza, akionyesha maikrofoni, "ni mchezo?"

"Hapana, Muzee."

Fimbo ilishuka begani kwangu. Mara moja tu, lakini kwa ufundi wa miaka hamsini.

"Ni mchezo?"

"Hapana, Muzee."

Aliinua tena. Safari hii fimbo ilisimama hewani, kwa sababu chini yake palikuwa na kitambaa cha kijani. Émilienne alikuwa amepanda. Alisimama kati yetu.

"Baba, anza na mi," alisema. "Samaki nilikula mi. Hakuna mutu alinifungua mudomo."

Kule chini Kayumba alisimama. Sauti yake haikuwa na ubaya.

"Muzee," alisema, "mi nakuheshimu. Lakini bamama ba nyumba yangu batakataa. Mutu ya samaki hatagusa chungu yao. Nitapanda peke yangu." Akavaa kofia, akatoka, na ng'ombe wanane wakatoka naye, maana kila mtu mle ndani aliwaona.

Uso wa Mzee Sebatware ulibadilika rangi. Aibu yake ilikuwa kubwa, na mbele ya umati mzima. Nilijua mkono ule ungeweza kumuumiza binti yake, na nilijaribu kusimama, nikashindwa, nikamshika mzee kifundo cha mguu. Ndiyo msaada niliokuwa nao.

"Ilikuwa tamu?" mzee aliuliza ghafla.

"Nini, baba?"

"Samaki."

Émilienne aliinua uso. "Ilikuwa tamu, baba."

Mzee alifumba macho kama mtu aliyechomwa mwiba. "Twende kwa Gaju," alisema. "Huyu mutoto ya batu ya samaki atakunywa maziwa yangu mbele yangu. Kisha nitakamua. Kama Gaju amekauka, Émilienne atapanda kwa nyanya yake leo leo, na hatashuka tena Baraka mpaka mi nife. Na we, mutoto, hautapita njia yangu."

"Na kama hajakauka?" nilithubutu kusema. Maneno yalipulizwa kupitia mlango mpya wa mdomo wangu.

"Nitaona."

*

Umati wote ulitufuata mpaka zizini, kwenye njia ya Fizi. Walikuwa wamepata Kanada ndefu kuliko zote. Mwanga wa jua ulikuwa bado juu ya maji ya ziwa. Gaju alisimama, mwekundu, pembe kama mikono ya mtu anayeomba, akitafuna bila wasiwasi wowote na mambo yetu.

Mzee alinipa kibuyu cha maziwa ya asubuhi. Nilikunywa. Yalikuwa na ladha ya moshi, na ya damu, ambayo ilikuwa yangu. Nilipokishusha, ukingo wake ulikuwa mwekundu, na nikaona Émilienne anautazama ukingo ule kama ambavyo angetazama barua.

Mzee alichuchumaa. Akavuta. Akavuta tena. Ndani ya chungu yalianguka matone mawili, na sote tuliyasikia.

"Aaa," umati ulisema.

Mzee aliinuka pole pole. Alikuwa amezeeka njiani kati ya kuchuchumaa na kusimama. "Émilienne," alisema, "chukua nguo zako."

Émilienne hakulia. Alimtazama kaka yake tu, mara moja, kisha akatazama chini. Na Gisaro, mwenye pua iliyovimba kama muhogo, alisimama akiangalia Bwana Eugène aliyekuwa anafunga mikono yake iliyochubuka kwa leso.

"Baba," alisema. "Ngoja."

"Nini tena?"

"Haiko samaki. Ni mi." Alionyesha kule kivulini. "Ndama. Likizo hii mi ndiye nafungaka ndama mbali na mama yake. Ijumaa nilikimbilia repetisyo, mazoezi ya bendi, sikufunga muzuri. Na jana. Na leo muchana. Ndama inanyonya yote."

Mzee alikwenda kwa ndama aliyelala kwenye kivuli. Alimgonga tumbo kwa kiganja. Tumbo lilikuwa limekaza kama ngoma ya Gisaro mwenyewe.

"Dada yako alijua?"

"Alijua," Gisaro alisema, na sasa sauti yake ilivunjika kabisa. "Alikuwa anaamka usiku kuifunga mahali pangu, lakini imeshanyonya. Hakusema juu ungenipiga."

"Kweli, mama?" mzee alimuuliza binti yake.

"Ameshapigwa sana mwaka huu, baba," Émilienne alijibu.

Fimbo ilimshukia Gisaro. "Hiyo ya kamba," alisema mzee. Ikashuka tena. "Hiyo ya jino ya mutoto ya bengine." Ikashuka mara ya tatu. "Na hiyo ya dada yako." Gisaro alizipokea zote amesimama, kisha akaja kwangu, akanisogezea bega lake niliegemee. Hakuomba msamaha. Nami sikutoa. Niliegemea.

"Leo ndama atafungwa na huyu," mzee alisema akinielekeza kwa fimbo.

"Muzee, kidole changu kimevunjika."

"Tumia meno. Zile zimebaki."

Nilimfunga ndama kwa mkono mmoja na meno yaliyobaki. Mafundo saba. Hata leo sidhani yupo mtu aliyefunga ndama kwa upendo namna ile.

Asubuhi ya Jumatatu, saa ile Émilienne alipokuwa apande mlima, nilikuwa zizini, uso wangu umekuwa mkubwa mara mbili na mwembamba wa matumaini. Mzee alichuchumaa. Gaju aligeuza kichwa, akaninusa begani palepale fimbo ilipopita. Kisha nikasikia mlio ndani ya chungu, mwembamba, halafu mnene, halafu wa povu, wala haukukatika kwa muda mrefu.

Mzee hakuniangalia. Aliangalia chungu.

"Imetoka," alisema, kama mtu anayekiri deni la ukoo. Akaufuta ukingo wa chungu kwa kiganja. "Mwambie baba yako akuje. Na asilete samaki."

Akaondoka na maziwa yake. Upande wa pili wa Gaju, chini ya shingo yake, kitambaa cha kijani kilichungulia. Émilienne alinyoosha mkono, akaweka kidole pale jino langu lilipokuwa, hapakuwa na mlango wa kubisha, kikaingia.

"We," alinong'ona.

"Mi."

"Alete mbili. Afiche ndani ya kofia."